Kazi na Haki: Bosi Akiamrisha kwa Mdomo, Wewe Andika

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa waajiriwa wa kampuni kubwa, kuanzia Upper Hill hadi Industrial Area. Tumechagua nne. Sheria tunayoitaja ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, ila pale tutakaposema vingine.

Mhariri, hujambo. Niko kitengo cha huduma kwa wateja katika kampuni kubwa hapa Nairobi. Tangu tuletewe meneja mpya, maagizo yanaingia kwenye grupu la WhatsApp hata saa nne usiku. Mengine anayatoa kwa mdomo tu, na kesho yake anayakana. Anayechelewa kujibu huitwa mzembe mbele ya watu arobaini. Idara ya rasilimali watu wanatuambia tuvumiliane. Nifanyeje? – Dada wa Umoja

Pole, dada. Kuaibishwa mbele ya wenzako si sehemu ya kazi yako, hata kama kitengo kizima kimeshazoea.

Anza na yale maagizo ya mdomo, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayokuponza. Akishakuagiza, mwandikie barua pepe siku hiyo hiyo, fupi na ya heshima: "Nathibitisha tulivyozungumza leo saa nne asubuhi. Ripoti ya wiki nitaileta Ijumaa saa kumi jioni, na malalamiko ya wateja wa Thika Road yatashughulikiwa na zamu ya usiku. Kama kuna nilipokosea, tafadhali nieleze." Usiongeze lawama. Akinyamaza, una kumbukumbu ya tarehe. Akikana, atalazimika kukana kwa maandishi, na wengi hawathubutu.

Matusi yaweke kwenye daftari lako la nyumbani: tarehe, saa, maneno yenyewe alivyoyatamka, na waliokuwepo. "Alinidharau" haimsaidii mtu kuamua lolote. "Tarehe 4, saa mbili na dakika kumi, alisema 'wewe ni mzigo kwa timu hii', fulani na fulani wakisikia" inasaidia. Ujumbe wa WhatsApp upige picha ya skrini inayoonyesha jina, tarehe na saa, kisha uhifadhi mazungumzo yote nje ya simu, maana grupu lenye ujumbe wa kujifuta halitakusubiri. Mambo yakifika kortini, utatakiwa kutoa na cheti kinachoeleza simu iliyotumika na jinsi nakala ilivyochapishwa, kwa hiyo usiitupe simu hiyo.

Hapa wengi hujikwaa: wanajitumia faili za wateja kwenye barua pepe ya binafsi wakidhani wanakusanya ushahidi. Hilo peke yake linaweza kuwa kosa la nidhamu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 waajiri hawalichukulii kwa wepesi. Chukua kinachokuhusu wewe tu.

Kuhusu saa nne usiku, soma mkataba wako kwanza uone saa zilizoandikwa. Kwa walio chini ya Agizo la Jumla la Mishahara, yaani kanuni za serikali za mishahara ya chini na saa za kazi, wiki ya kawaida ni saa 52 katika siku sita. Ovataimu, yaani saa za ziada, hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Malipo ya saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Mwenye 45,000 ana shilingi 200 kwa saa, basi ovataimu yake ni 300. Andika ulianza saa ngapi na ukamaliza saa ngapi kila siku. Madai ya "nafanya kazi hadi usiku" bila orodha hayalipiki.

Ukishakuwa na wiki tatu au nne za kumbukumbu, rudi kwa rasilimali watu kwa barua. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anapaswa kukueleza kwa maandishi utampelekea nani malalamiko. Tafuta jina au cheo hicho kwenye mkataba au kitabu cha wafanyakazi na ukifuate. Ofisi ile imewekwa kuikinga kampuni, haikuwekwa kukutetea wewe. Hata hivyo, malalamiko yenye tarehe saba, mashahidi wawili na ombi moja lililo wazi huwapa sababu ya kuchukua hatua. Ombi liwe la kutekelezeka: maagizo yatolewe saa za kazi, na makosa yazungumzwe faraghani.

Bwana Mhariri, nimepewa barua ya kujieleza ndani ya saa 24 eti sikufikisha malengo ya mauzo kwa miezi mitatu. Kikao ni Ijumaa. Bosi ameninong'oneza kwamba nikijiuzulu sasa nitalinda jina langu. – Muuzaji, Embakasi

Usijiuzulu kwa mnong'ono. Ukishatia sahihi barua ya kuacha kazi, hukufukuzwa, umeondoka. Utabaki na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulishurutishwa, na mnong'ono hauna shahidi. Mjibu kwa barua pepe: "Asante kwa ushauri wa leo kuhusu kujiuzulu. Ningependa kwanza kufuata utaratibu wa kikao."

Barua ya kujieleza bado si kufukuzwa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa kabla ya kukuachisha kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au hali ya afya. Kinakupa pia haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi, utakayemchagua wewe. Mchague mtu mtulivu anayeandika haraka. Kazi yake kubwa siku hiyo ni kunakili yanayosemwa, nawe umwachie nafasi aseme pia, kwa kuwa sheria inataka asikilizwe.

Leo hii omba kwa maandishi malengo uliyotia sahihi, takwimu za miezi hiyo mitatu, na tathmini zako za nyuma. Omba na muda zaidi. Sheria haikutaja idadi ya saa, lakini kumpa mtu usiku mmoja kujibu hesabu za miezi mitatu ni jambo ambalo mwajiri atapata shida kulitetea mbele ya jaji.

Jibu lako lifuate nambari za barua yao. Wakisema Machi ulikosa lengo, jibu la Machi pekee: bidhaa hazikuwepo ghalani kwa siku kadhaa, eneo lako lilipewa mwingine, au ni kweli ulikosa na hiki ndicho ulichofanya kurekebisha. Kukubali kosa dogo lililo wazi huyapa uzito majibu mengine. Kurasa tatu za uchungu kuhusu tabia za bosi huifukia hoja yako nzuri, na lugha ya matusi ni sababu ya kufukuzwa papo hapo chini ya kifungu cha 44.

Katika kesi za utendaji duni, korti huuliza kama mwajiri alikuwa na kipimo kinachojulikana na kama mfanyakazi alipewa msaada na muda wa kujirekebisha. Ukiwekwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji, hakikisha umeandikwa idadi, tarehe za kukutana, na atakayekufunza. "Ongeza bidii" haipimiki. Baada ya kila mkutano wa mpango huo, tuma muhtasari.

Mwisho wa kikao omba nakala ya kumbukumbu. Ukitakiwa kutia sahihi usiyokubaliana nayo, andika juu ya sahihi: "Nimepokea, sikubaliani na yaliyomo," na tarehe. Wakikufukuza, una miezi mitatu ya kulalamika kwa afisa wa leba na miaka mitatu ya kwenda kortini. Fidia ya kufukuzwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12, na ni nadra korti kuitoa yote. Madai ya mwenye mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi husikilizwa na mahakimu walioteuliwa. Yanayozidi hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hapa Nairobi iko Milimani.

Kampuni imetutumia fomu ya maoni na kusema ni ya siri. Niseme ukweli? – Karani, Westlands

Sema, ila tazama fomu kwanza. Kiungo kilichotumwa kwako peke yako kinaweza kujua ni wewe. Fomu inayouliza idara, jinsia, umri na miaka uliyofanya kazi haihitaji jina: kwenye timu ya watu sita, mwanamke wa miaka 50 aliyekaa miaka 18 ni mmoja tu. Uliza rasilimali watu ni idadi gani ya chini ya majibu ambayo chini yake meneja haonyeshwi matokeo ya timu. Wakikosa jibu, andika kana kwamba jina lako liko juu. Zungumzia utaratibu, mfano zamu kutangazwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, na epuka misemo yako ambayo ofisi nzima inaijua.

Nauza kwenye supamaketi kubwa. Tili, yaani droo ya pesa, ikipungukiwa, tunakatwa wote wa zamu kwa kugawana. Ni halali? – Keshia, Donholm

Kifungu cha 19 kinaruhusu kukatwa upungufu wa pesa kwa mtu ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, tena upungufu utokane na uzembe wake au kukosa uaminifu kwake. Kugawana hakumo. Makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara: mwenye 27,000 lazima abakiwe na 9,000 angalau. Na kila kato lionekane kwa jina lake kwenye hati yako ya mshahara.

Upungufu mwingi huanzia kwa mtu kumwachia mwenzake tili akienda kula, bila kutoka kwenye mfumo. Usimpe yeyote nywila yako, hata supavaisa mwenye haraka. Hesabu pesa za kuanzia mbele ya shahidi, mtie sahihi nyote wawili. Pesa zikichukuliwa katikati ya zamu, andika saa na kiasi, aliyechukua atie sahihi. Malipo ya M-Pesa yalinganishe na risiti kabla ya kufunga, kwa sababu muamala uliorudishwa kwa mteja hugeuka upungufu wako. Piga picha ripoti ya kufunga kama kanuni za duka zinaruhusu. Kama haziruhusu, nakili jumla zake na nambari ya tili.

Fomu ya kukubali kukatwa ikiletwa huku foleni ya wateja ikikungoja, sema utaisoma baada ya zamu, na uombe kiasi, tarehe na nambari ya tili viandikwe kabla hujaweka sahihi.