Maziwa na dawa mseto

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mume wangu karudi na malaria kutoka kuvuna mpunga Kyela. Kapewa dawa mseto. Jirani anasema maziwa yanaua dawa. Nimnyime? – Mama mfugaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mama. Mpe! Lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo humo, huyeyuka kwenye mafuta. Ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu huweza kuongezeka mara 16. Kikombe cha maziwa yasiyoenguliwa kinatosha. Jirani huenda anakumbuka antibiotiki iitwayo tetrasaiklini, ambayo kweli hunaswa na kalsiamu ya maziwa.

Artemeta, dawa ya pili kwenye mseto huo, hushusha homa upesi, lumefantrini hubaki kumalizia vimelea. Huniuma sana mtu anapoacha siku ya pili eti kapona: ni dozi 6, siku 3. Akitapika ndani ya saa moja, arudie.