Barua kwa mwanangu: Kuhusu kuitwa msaidizi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili juzi usiku, nikaona hili si la kujibiwa kwa simu huku nikisinzia. Uliniuliza hivi: nisomee usaidizi wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), ile ya kumwezesha mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, au nivumilie hadi nipate nafasi ya shahada niwe mtoa tiba kamili? Halafu ukaongeza: na wewe, mama, hukuchoka kuitwa msaidizi miaka yote hiyo? Hilo la pili lilinichoma kidogo, kwa hiyo naanza nalo.

Nilichoka, ndiyo, ila neno lenyewe lilinichosha kuliko kazi. Watu wakisikia "msaidizi" wanamwona mtu wa kubeba mafaili na kufuta meza. (Meza nimefuta nyingi, sikatai.) Mgawanyo halisi uko hivi: mtoa tiba ndiye anayempima mgonjwa, anayafasiri matokeo na kuandika mpango wa tiba. Msaidizi anautekeleza mpango huo siku baada ya siku, chini ya usimamizi wake, na kumrudishia taarifa: huyu ameweza kuvaa soksi, huyu amekwama palepale, huyu leo kashinda analia. Vipimo vingine utashiriki ukishathibitishwa kuvimudu, lakini lengo la mgonjwa hulibadilishi kwa uamuzi wako peke yako. Kuna siku utaona wazi kwamba mpango haumfai mtu aliye mbele yako, na itabidi kwanza ukamtafute msimamizi. Kama hilo litakukereketa kila uendako, usijidanganye, subiri shahada. Mimi halikunikereketa. Saa zangu nyingi zilikuwa kando ya kitanda, na saa nyingi za msimamizi wangu zilikuwa mezani akiandika, na sikuwahi kumwonea wivu kwa hilo.

Sasa masomo. Najua unaogopa anatomia, maana baiolojia ilikutoa jasho shuleni na mimi ndiye niliyekaa nawe usiku ukilia. Lakini hapa mwili hausomwi kama mchoro wa kukariri. Mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na 8 kati ya hiyo imejazana kwenye kifundo kama kokoto kwenye kifuko. Sisi tulikuwa tunaichora kwa kalamu kwenye mikono ya wenzetu, tunarudi nyumbani tumechafuka wino hadi viwiko. Na neva hutazisahau ukizijua kwa maumivu. Umewahi kugonga kiwiko kwenye pembe ya meza, ukahisi kama umeme unakimbilia kidole cha mwisho? Hiyo ni neva ya alna, inapita pale nyuma ya kiwiko karibu kabisa na ngozi. Siku utakapokutana na mgonjwa aliyekufa ganzi kidole kidogo na nusu ya kile cha pete, utajua pa kuanzia kutazama.

Kwa hiyo anatomia haitakushinda. Nilichokihofia mimi, baada ya kuusoma ujumbe wako, ni kingine kabisa, nacho ni mikono yako. Wewe tangu utoto huwezi kumwona mtu anahangaika usimkimbilie. Ni sifa njema, lakini kwenye kazi hii utalazimika kuifunga kamba.

Nilikuwa wiki ya tatu ya fildi yangu ya kwanza. Nilipewa mzee mmoja aliyepata kiharusi, upande wa kulia umelegea, na lengo lake lilikuwa moja tu: avae shati mwenyewe. Nilimkumbusha utaratibu kama tulivyofundishwa, kwamba mkono uliopooza ndio unaotangulia kuingia kwenye shati, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Akauingiza, akavuta shati begani, vizuri kabisa. Kifungo cha kwanza akakifunga kwa mkono wa kushoto. Cha pili pia. Cha tatu kikamkatalia. Kidole gumba kilikuwa kinateleza, kifungo kinaingia nusu kwenye tundu kisha kinachomoka, na kila kinapochomoka yeye anapumua kwa pua kama mtu anayepanda mlima. Nikahesabu mara tano. Ya sita sikuivumilia, nikanyosha mikono yangu nikavifunga vyote vilivyobaki, chapuchapu, huku nikimsifu eti amejitahidi.

Akasema, "Asante, binti." Akageukia dirishani, na hakuniangalia tena asubuhi ile.

Msimamizi wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakunigombeza. Tulipotoka tu akaniuliza, "Leo nani alikuwa kwenye mazoezi, yeye au wewe?"

Kesho yake nilimletea shati lilelile, nikaketi mbele yake, na mikono yangu nikaikalia. Nasema kweli, niliiweka chini ya mapaja. Ilimchukua dakika 14. Alipomaliza alijitazama kwenye kioo, akaona vifungo vimepishana, upande mmoja wa ukosi uko juu, mwingine chini. Mimi nilikwisha kuona tangu kifungo cha pili, nikauma ulimi. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akavifungua vyote, akaanza upya bila kuambiwa na mtu.

Sasa usielewe vibaya ukadhani kazi ni kukaa na kutazama. Wakati nimekalia mikono nilikuwa na kazi chungu nzima kichwani: je, amechoka au amekasirika? Bega limepanda kwa sababu gani? Nikimpa shati lenye vifungo vikubwa zaidi leo, halafu nivipunguze ukubwa kidogo kidogo wiki ijayo, si atapanda ngazi bila kuvunjika moyo? Huko kupandisha na kushusha ugumu wa jambo ndiko moyo wa fani yetu. Mara utabadilisha kifaa, mara mkao, na mara utampa neno moja la kumkumbusha pale ulipozoea kumpa mkono.

Ndiyo maana watakufundisha kuchambua shughuli. Mwalimu wetu alitupa zoezi la kuandika hatua za kupiga mswaki. Nikaandika mistari minane, nikajiona mjanja. Karatasi ikarudi imeandikwa: "Na zilizobaki?" Mwishowe nilifika zaidi ya arobaini. Kuujua mswaki kati ya vitu vingine. Kukumbuka kwamba umeingia pale kupiga mswaki. Kushika kifuniko kwa mkono mmoja na kuzungusha kwa mwingine, jambo ambalo mwenye mkono mmoja hawezi mpaka abane kitu kwa meno au mapajani. Kupima nguvu ya kukamua. Na kuna wagonjwa wa kiharusi ambao macho yao ni mazima, lakini ubongo umeusahau upande wa kushoto wa dunia: atasugua meno ya kulia tu na kuapa kwamba amemaliza. Huyo ukimwambia "hujamaliza" atakuona mgomvi. Inabidi utafute namna ya kumfanya akutane na upande wake mwenyewe.

Mengine nayapitia haraka. Utajifunza kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu bila kuumiza mgongo wako wala wake, na kitu cha kwanza ni breki. Mimi nilizisahau darasani, bahati aliyekaa sakafuni alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Utajifunza kutengeneza magango ya mkono, yaani vifaa vya kuushikilia mkono ukae sawa, kwa plastiki inayolainika kwenye maji ya moto. Na utaandika, mwanangu, utaandika mno! Kila kikao kina taarifa yake, kwa sababu msimamizi atakuwa anafanya maamuzi kwa kutegemea ulichokiona wewe.

Mjomba wako mpaka leo ananitania kwamba nililipwa kwa kucheza na shanga. Mwache. Mtu anayetunga shanga baada ya kiharusi anafanya kazi ngumu kuliko yeye ofisini. Tena mwambie kwamba mmoja wa waanzilishi wa fani hii alikuwa mgonjwa. George Barton, msanifu majengo wa Marekani, alipooza upande wa kushoto, akajirudisha kwenye maisha kwa kazi za bustani na karakana, na mwaka 1917 watu wachache wakakutana nyumbani kwake Clifton Springs, jimbo la New York, wakaanzisha chama cha kwanza cha taifa cha tiba hii. Kwa hiyo tangu mwanzo fani hii ilijua jinsi inavyokuwa kukaa upande wa pili wa kile kifungo.

Kuhusu shahada, fanya hesabu zako kwa utulivu. Kozi ya usaidizi ni fupi. Marekani kwa kawaida ni kama miaka miwili, na ndani yake kuna fildi ya mwisho ya wiki 16 za kazi za kutwa. Kwa mtoa tiba mwenyewe, Shirikisho la Dunia la watoa tiba hawa, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka angalau saa 1,000 za mazoezi na wagonjwa. Lakini ngazi ya msaidizi haitambuliwi kila nchi, na inapotambuliwa kanuni zinatofautiana. Kabla hujalipa hata senti ya ada, iulize mamlaka inayosajili wanataaluma wa afya huko uliko mambo mawili: je, chuo hiki mnakitambua, na je, nikitaka kuendelea hadi shahada baadaye, masomo haya yatahesabiwa? Majibu yawe ya maandishi. Maneno ya mtu wa udahili yasikutoshe. Nilisoma na wenzangu wawili waliotoka chuo kingine wakaanza upya, na yule dada mmoja hasira hazikumwisha hadi tunahitimu.

Sikuambii usome kipi. Una miaka 31, una mtoto, na hizo hesabu unazijua wewe. Ila kabla hujaamua, kesho asubuhi mtoto akiwa bado amelala, chukua shati lenye vifungo. Mkono wako wa kulia uuache uning'inie, usiutumie kwa lolote. Uingize huo kwanza kwenye shati, kisha funga vifungo vyote kwa mkono wa kushoto. Ukifika mahali unataka kudanganya kidogo, angalia ni kifungo cha ngapi, uniandikie.

Mama yako

Nyongeza: akiamka akakukuta, atataka kukusaidia. Huyo naye ni mwepesi wa kukimbilia kusaidia kama wewe. Mkatalie kwa upole, umtazame usoni.