Mlembe aingie darasani

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza ni ugunduzi gani wa karibuni kuhusu viumbe hai unaofaa kufundishwa shuleni. Wengi watataja chanjo na vinasaba. Mimi namtaja mlembe, yule ndege anayemwongoza mtu hadi penye nyuki.

Nauza asali hapa Dodoma, na nyingi naipata Manyoni na Itigi. Nilipomsimulia mrina asali mmoja, mzee wa huko, alicheka: "Mlembe kuonyesha nyuki, hilo nalo ni ugunduzi, mwanangu?" Kwa hilo ana haki. Ila kilichochapishwa kwenye jarida la Science Desemba 2023 ni kingine.

Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichukua miito miwili. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, ambao baadhi yao wako Mkalama mkoani Singida, humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hutetemesha ulimi, "brrr", kisha wanaguna "hm". Miito yote miwili ikapigwa kwa spika katika mapori ya pande zote mbili. Kwa Wahadzabe, mluzi ulimvuta mlembe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Niassa mambo yakageuka: mwito wa Kiyao ulikaribia mara mbili ya mluzi.

Utamu uko hapo, kwa sababu mlembe halelewi na mamaye. Yai hutagwa kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine, na kinda akishaanguliwa huwaua makinda wenyeji kwa ncha kali ya mdomo wake. Sasa mwito wa watu wa eneo lake kafundishwa na nani? Wazazi wake hata hajapata kuwajua. Yaelekea hujifunza mwenyewe ukubwani, kwa kugundua sauti ipi huja na watu watakaopasua mzinga, naye apate nta, maana nta ndiyo anayoifuata. (Malipo nayo hayafanani. Wayao humwekea nta juu ya majani mabichi. Wahadzabe huichoma au kuifukia ili abaki na njaa, aendelee kuongoza. Roho mbaya kidogo, ingawa kama mfanyabiashara nawaelewa.)

Darasani mtoto hukaririshwa aina za mahusiano ya viumbe, anaandika fasili, anapata alama, yameisha. Utafiti huu hata wa darasa la sita anaufuata mwanzo mwisho bila maabara: badili mwito, acha mengine yalivyo, hesabu ndege wanaokuja. Tena uharaka upo. Warina wengi siku hizi wana mizinga yao wenyewe na hawana haja ya kumwita ndege, kwa hiyo anayetaka kusikia miito ya kwao awafuate wazee mapema.

Hata swali la mtihani ninalo. Mwaka 2016, utafiti wa kwanza huko Niassa ulionyesha kuwa mwito wa Kiyao huongeza uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka asilimia 33 hadi 66. Lakini watafiti hawakupiga mwito huo peke yake. Walipiga pia maneno ya kawaida ya Kiyao na sauti ya njiwa pori. Kwa nini? Atakayelijibu hilo kwa maneno yake mwenyewe apewe alama zote, hata kama fasili kaisahau.

Muuza asali, Dodoma