Uranus imekaaje na jina la Kigiriki peke yake?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Napenda sana hadithi za miungu ya Wagiriki ila kuna kitu kinanichanganya, mkuu wao ni Zeus lakini sayari inaitwa Jupiter, wa vita ni Ares lakini sayari ni Mars, halafu ukifika Uranus unakuta jina la Wagiriki wenyewe. Nani alipanga hivi?

JIBU: Hakuna aliyekaa akapanga, ndo maana haijanyooka. Wagiriki walikuwa wanasema nyota ya Ares, nyota ya Zeus, na hata hilo wazo walilitoa Babeli, huko Mars ilikuwa ya Nergal na Jupiter ya Marduk. Warumi nao wakaangalia miungu yao wakaona huyu anafanana na yule, Aphrodite wakamlinganisha na Venus, Hermes na Mercury, Kronos na Saturn, na kwa vile Kilatini ndo ilikuwa lugha ya wasomi wa Ulaya karne na karne, majina yao ndo yakashika.

Sasa Uranus ina kisa chake. William Herschel aliiona kwa darubini Uingereza tarehe 13 Machi 1781, akataka iitwe Nyota ya George, eti kumuenzi mfalme George III. Nje ya Uingereza watu hawakulitaka kabisa hilo jina na mi naona walikuwa sahihi, mfalme wa nchi moja anaingiaje angani kwa wote? Mjerumani Johann Bode akasema Saturn ni baba yake Jupiter, basi inayofuata iwe baba yake Saturn, yaani Ouranos, mungu wa anga. Warumi walikuwa na wao, Caelus, lakini Bode akachukua la Kigiriki akaliandika Kilatini. Almanaka ya mabaharia ya Uingereza iling'ang'ania George mpaka 1850!

Sayari ya Neptune ilipopatikana 1846 wakarudi kwa miungu ya Warumi.

Ila Wagiriki wamejaa kwenye miezi, ile inayozunguka sayari. Mars ina miwili, Phobos na Deimos, Asaph Hall aliigundua 1877, na hao ni watoto wa Ares waliokuwa wanafuatana naye vitani. Ile minne mikubwa ya Jupiter aliyoiona Galileo 1610 ni Io, Europa, Ganymede na Callisto, wote wapenzi wa Zeus, na chombo cha NASA kilichofika pale 2016 kuchungulia chini ya mawingu kinaitwa Juno, mke wa Jupiter, maana kwenye hadithi mume alijificha kwenye mawingu na huyo mama akamwona hukohuko.