Kazi ya kundi imekwama: maswali yenu

*Laptopu ya mwenzetu imekufa na ripoti nzima ilikuwa humo. Zimebaki siku 9. Tuanze upya?*

Kila muhula swali hili hurudi, ila laptopu ndiyo hubadilika. Kabla ya kuandika upya, okoteni vipande: viambatisho vya barua pepe, mafaili mliyotumiana WhatsApp, rasimu aliyosoma msimamizi. Mashine iacheni ikiwa imezimwa hadi fundi aitazame diski. Kinachokosekana gawaneni leo, mwandike kwenye waraka mmoja wa pamoja. Google Docs huweka historia ya mabadiliko, hivyo kilichofutwa hurudishwa. Historia hiyo huonyesha pia nani kaandika nini, na nahisi ndiyo maana kila kundi lina mtu anayesema yeye "amezoea Word".

*Mmoja wetu hafanyi chochote tangu tukwame. Tumfute jina?*

Mlimpa kipande gani, na kwa tarehe ipi? Barua yako ndefu haisemi. Inasema tu "tulikubaliana kusaidiana", yaani hakuna aliyepewa kitu. Mwaka 1913 Mfaransa Max Ringelmann alichapisha majaribio ya watu kuvuta kamba: 8 wakivuta pamoja, nguvu yao ilikuwa karibu nusu ya jumla ya kila mmoja akivuta peke yake. Sehemu ya sababu ni kutokwenda sambamba, si uvivu mtupu. Basi mwandikieni kipande kimoja, jina lake na siku ya mwisho, wote mkiona. Asipoleta, mhadhiri ajue siku hiyohiyo. Kulifuta jina kimyakimya usiku wa kuwasilisha ni uoga, na nyinyi ndio mtakaoulizwa.

*Tuombe wawili wa kundi jingine waje kutusukuma?*

Hapana. Mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Fred Brooks, alishawaonya watengeneza programu mwaka 1975: kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Mtamaliza siku mbili mkiwaeleza mlipofikia. Punguzeni kazi: maswali 5 ya utafiti yawe 3, kwa ruhusa ya msimamizi.

*Data zimetukataa. Tukizirekebisha kidogo?*

Huko ni kughushi. Matokeo yasiyotarajiwa yanaandikwa na kujadiliwa. Ya kubuni yanafukuzisha watu chuo.

*Mhadhiri tumwambie lini?*

Leo, kabla hamjamaliza kulaumiana. Nendeni na ratiba mpya yenye majina, na mseme mnaomba siku ngapi.