Kabla Tope la Bandari Halijamwagwa Baharini: Maswali ya Kuuliza Kibali Kikiombwa

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa kamati ya usimamizi wa ufuo, yaani BMU, katika diko moja la pwani ya kusini ya Kenya, na katika muda huo liliwahi kutufikia ombi la kumwaga tope la bandari katika bahari tunayovua. Sikuwa nimejiandaa. Siku ya baraza nilisimama mbele ya wataalamu nikauliza kama tope hilo litawadhuru samaki, nikajibiwa kwa upole kwamba athari zitakuwa ndogo, zitakuwa za muda, na zitadhibitiwa. Watu wakapiga makofi, soda zikagawiwa, na jina langu likaingia katika kumbukumbu za kikao kama mtu aliyeuliza akajibiwa akaridhika. Mradi wenyewe sitautaja, kwa kuwa makosa mengi yalikuwa yetu. Nayaandika kwa ajili ya katibu au nahodha ambaye kesho ataletewa ripoti nene ya Kiingereza na kuambiwa atoe maoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa lile swali. Ukiuliza kama tope litadhuru, utajibiwa kwa maoni, na maoni ya mtaalamu aliyelipwa na mwenye mradi yatashinda yako kila mara. Kibali, hata hivyo, hakiandikwi kwa maoni. Itifaki ya London ya mwaka 1996, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu umwagaji wa taka baharini, ambayo Kenya ni mwanachama wake, inaagiza katika kiambatisho chake cha pili kwamba kila kibali kitaje aina na asili ya kitu kinachomwagwa, mahali kitakapomwagwa, namna kitakavyomwagwa, na utaratibu wa ufuatiliaji na wa kutoa taarifa. Mambo hayo manne yana majibu ya tarakimu, ramani na tarehe, na ndiyo yanayopaswa kuulizwa.

Kosa la pili lilikuwa la mwenzangu, aliyesimama kwa ujasiri akasema kwamba sheria za dunia zinakataza kutupa chochote baharini. Mwanasheria wa upande wa pili alitabasamu tu. Mkataba wa London wa mwaka 1972 ulikuwa na orodha ya vitu vilivyokatazwa. Itifaki iliyofuata, iliyoanza kutumika mwaka 2006, iliigeuza orodha hiyo, ikasema kwamba kila kitu kimekatazwa isipokuwa vichache vilivyotajwa, navyo lazima vipate kibali. Tope na mchanga unaochimbuliwa bandarini ni miongoni mwa hivyo vichache, na duniani kote ndiyo shehena kubwa kuliko zote inayomwagwa baharini kwa vibali. Kwa hiyo anayekataa kabisa hana sheria nyuma yake, ilhali anayedai kibali kiandikwe sawasawa anayo. Bandari lazima ichimbwe, maana meli za siku hizi zinadai kina ambacho mito na mawimbi hawachoki kukifukia.

Kabla ya kufika kwenye tope lenyewe, dai uonyeshwe kwamba njia nyingine zilifikiriwa. Itifaki inaitaka serikali ipime kwanza kama kitu hicho kinaweza kutumika kwingine bila madhara makubwa au gharama zisizo na uwiano. Mchanga safi unaweza kujazia gati jipya au kurudishwa kwenye ufuo unaoliwa na mawimbi. Katika ripoti yetu sehemu hiyo ilikuwa na aya moja.

Sasa tuje kwenye sampuli, ambapo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ripoti nyingi hulegea na wavuvi wengi hupita bila kusimama. Sumu za bandarini, kama zebaki, risasi, shaba na mabaki ya mafuta, hushikamana zaidi na chembe laini za tope kuliko na mchanga. Karibu na maeneo ya kukarabati meli huweza kuwamo pia mabaki ya rangi za TBT, zilizokuwa zikipakwa ili viumbe wasigandane kwenye mwili wa meli, na ambazo zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 ulioanza kutumika mwaka 2008, baada ya kugunduliwa kwamba zinawafanya konokono wa kike wa baharini waote viungo vya kiume. Rangi imekatazwa, lakini tope lililolala chini ya gati la zamani halikuambiwa. Kwa hiyo uliza sampuli zilichukuliwa wapi: katikati ya mlango wa bandari, ambako mkondo hupaosha na mchanga ni mweupe, au kwenye kona za gati ambako tope jeusi hutulia miaka na miaka?

Kisha uliza zilichukuliwa kwa kina gani. Chombo cha kukwangua juu ya sakafu ya bahari huleta tope la majuzi tu. Ikiwa meli ya kuchimbia itashuka mita tatu ndani ya sakafu, basi na bomba la sampuli lishuke mita tatu, kwa kuwa kitakachomwagwa mbele ya madema yako ni hizo mita tatu zote. Huenda tabaka la chini likawa udongo wa asili ambao haujawahi kuguswa, na hiyo itakuwa habari njema kwa mwenye mradi; huenda pia likawa ndilo lililopokea taka za miaka ambayo hakuna aliyekuwa akipima.

Mwisho, hesabu vituo vya kuchukulia sampuli. Nchi za kaskazini-mashariki ya Atlantiki, chini ya Mkataba wa OSPAR, zina mwongozo unaotaka vituo 3 kwa ujazo usiozidi mita za ujazo 25,000, vituo 4 hadi 6 ukifika 100,000, vituo 7 hadi 15 ukifika 500,000, na vituo 16 hadi 30 ukifika milioni 2. Mwongozo huo hauibani Kenya, lakini ni kipimo ambacho mtaalamu hawezi kukiita uzushi wa wavuvi. Ripoti yetu ilikuwa na vituo vinne kwa ujazo uliozidi laki moja. Nilizijua hesabu hizo baada ya kibali kutolewa.

Jambo la pili ni majira, na hapa mzee yeyote wa bahari anamzidi mshauri aliyetoka mjini na kompyuta yake. Mikondo katika eneo la kumwagia ilikuwa imepimwa kwa siku chache za mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na maji yakiwa maangavu. Kazi ilianza Julai. Kila mvuvi wa pwani yetu anajua kwamba kusi ikipamba moto mkondo huzidi kasi kwenda kaskazini, mawimbi husukuma kuelekea miamba, na siku za bamvua maji hukimbia kwa nguvu ambayo siku za maji mafu hazina. Wingu la tope ambalo ramani ya Februari ililichora likitulia papo hapo, mwezi wa Julai tuliliona likinyooka kama mkia hadi kwenye nyasi za bahari tunakotega. Matumbawe na nyasi hizo huishi kwa mwanga. Maji yakichafuka kwa muda mrefu hukosa chakula, na tope likitua juu yake huvifunika. Kwa hiyo omba iandikwe ndani ya kibali, si katika hotuba, kwamba vipimo vya mkondo vifanywe katika majira yaleyale ya kazi, kwa bamvua na kwa maji mafu, na kwamba umwagaji usitishwe uchafu wa maji ukipita kiwango kilichotajwa kwa tarakimu. Uliza vilevile kuhusu maji yanayofurika kutoka kwenye meli ya kuchimbia wakati inapojazwa, maana tope laini hutoka nayo palepale bandarini, na ripoti nyingi huzungumzia tu lile linalofika kwenye eneo la kumwagia.

Kuhusu mahali, usikubali kuonyeshwa nukta kwenye ramani. Dai vipimo vya latitudo na longitudo vya pembe zote za eneo, kisha wape manahodha wanne au watano wavihamishe kwenye majina yao wenyewe ya mafungu na vilindi, kwa alama za nchi kavu wanazozitumia: mnazi fulani, mnara wa msikiti, kona ya jabali. Sisi tulipofanya hivyo, kwa kuchelewa, tuligundua kwamba eneo lililoelezwa kuwa halina shughuli ni njia ya nguru kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo katika ripoti yoyote. Bahari ikiwa mbaya na safari ikiwa ndefu, nahodha wa tishari hupata kishawishi cha kufungua milango ya chini kabla hajafika, kwani kila saa ya safari ni mafuta na ni fedha. Dawa yake inajulikana: chombo kiwe na mtambo wa kurekodi njia yake na mahali na saa milango ilipofunguliwa, na rekodi hizo zitumwe kwa mamlaka kila wiki, nakala ikija kwa BMU. Wavuvi wetu waliona tishari likigeuka mapema, wakaapa kwa majina ya mama zao. Hawakuwa na saa wala tarehe iliyoandikwa, na neno lao likabaki neno.

Ndiyo maana naomba daftari lianzishwe kabla ya kazi, na si baada ya malalamiko. Andikeni kilo za kila siku, aina za samaki, chombo na eneo. Tafuteni kisahani cheupe, mkifunge kwenye kamba yenye alama za nusu mita na uzito chini yake, mkishushe mahali palepale kila wiki saa ileile hadi kisionekane, na kuandika kina, ili mjue uangavu wa maji. Bila kumbukumbu za kabla, hakuna anayeweza kuthibitisha kilichobadilika baadaye. Kuhusu Lamu, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kutokana na mradi wa bandari, lakini kesi hiyo ilianza mwaka 2012, na miaka sita ni mingi kwa mtu anayeishi kwa samaki wa leo.

Maoni yenu yaandikwe, yapigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwenu. Maneno ya barazani hufupishwa na anayeshika kalamu. Tangazo la NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, katika Gazeti la Serikali kwa kawaida hutoa siku 30 za kupeleka maoni, na anayepinga uamuzi wa kutoa leseni ana siku 60 za kukata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira. Siku za maoni zinahesabiwa tangu tarehe ya tangazo, si tangu siku ya baraza. Baraza letu lilifanyika siku ya ishirini na sita.