Kabla hujamwita fundi wa saruji, nenda Kilwa Kisiwani kwanza

Wengi wetu wa pwani tuna nyumba ya mawe ya ukoo imekaa tu inamong'onyoka, na kila kikao cha familia hakosi mtu wa kusema tupige plasta ya saruji yaishe. Kwetu Pangani mifuko ilikuwa inataka kununuliwa, nikawaomba ndugu zangu wasubiri nikaangalie Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa mawe ambao sasa ni magofu, maana kule wameshahangaika sana na kuta za aina hii.

Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, pale unachukua kibali na mtu wa kukutembeza, halafu boti ya kwenda kisiwani, maji ya kuvuka ni kama kilomita 2 tu. Nenda asubuhi, jua la kule si mchezo.

Sasa huo mji wa kisiwani ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, masultani wake wakawa na sarafu zao za shaba, msafiri wa Morocco Ibn Battuta alifika 1331 akausifia uzuri wake. 1505 Wareno wakauvamia wakapora, biashara ikayumba vibaya. Karne ya 18 ukainuka tena, na tuseme ukweli, kuinuka kule kulikuwa kwa kuuza watu. Karne ya 19 Zanzibar ikamwondoa sultani wa Kilwa na mji ukaisha, kikabaki kijiji cha wavuvi katikati ya magofu, na wapo mpaka leo, wasalimie vizuri, usipite kama hakuna mtu.

Mizizi ikapasua kuta, mawimbi yakala ufukwe upande wa Gereza, ile ngome ya zamani, mpaka 2004 UNESCO wakaiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ilitolewa 2014, baada ya kazi ya miaka ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki: kufyeka, kujenga upya palipobomoka, kulinda ufukwe.

Ukiingia Msikiti Mkuu usikimbilie selfi. Simama karibu na nguzo uangalie palipounganishwa mawe, utaona chokaa nyeupe ina chembe za mchanga, na jiwe lenyewe lina vitundu vitundu kwa sababu ni tumbawe. Muulize anayekutembeza wapi pa zamani na wapi pamekarabatiwa. Jiwe la namna hii linanyonya maji na chumvi kutoka chini na linataka kupumua, chokaa inaruhusu unyevu utoke, saruji inauziba ndani, chumvi inajaa nyuma ya plasta halafu plasta inadondoka na ngozi ya jiwe. Hilo ndilo linaloua nyumba zetu nyingi, na inaniuma kwa sababu tunaziua tukidhani tunaziokoa.

Kwa hiyo ushauri wangu: anza na paa, ukuta wa chokaa unaonyeshewa juu hauna maisha. Miti inayoota ukutani ing'oe ikingali midogo, ikishakuwa mikubwa ikate tu shina, ukivuta mizizi unashuka na ukuta. Tafuta fundi mzee anayejua kuchoma na kuloweka chokaa, Lamu na Unguja bado wapo, na umwambie aje na kijana wa kujifunza. Boriti zilizooza badilisha moja moja, usifumue dari nzima kwa siku moja. Na kabla ya yote piga picha kila chumba, hasa vidaka na nakshi, fundi akipotea njia uwe na cha kumwonyesha.